Jinsi ya kutazama na kuiga kwa brashi maandishi ya vyombo vya shaba vya China ya kale

Katika Makumbusho ya Taifa ya China, Beijing, kuna beseni la shaba lenye urefu wa sentimita 137.2 na uzito wa kilo 215.3. Mtu mzima angeweza kukaa humo akaoga. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864 Liu Mingchuan, jemadari wa jeshi la Qing, alikuwa amelala katika jumba aliloliteka mjini Changzhou, akasikia usiku mlio wa chuma kugonga chuma, mlio mtamu kupita kiasi. Akatoka na taa kutazama. Farasi walikuwa wanakula, na pete ya hatamu ilikuwa inagonga hori. Hori liliposafishwa, chini yake yakaonekana maandishi: safu 8, herufi 111.

Hori hilo ndilo beseni lenyewe, nalo huitwa Guo Ji Zi Bai pan. *Pan* ni beseni la kunawia, na Zi Bai wa ukoo wa Guo ndiye aliyelitengenezesha. Mwongozo huu unakwenda nalo mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu kujifunza mwandiko huu kwa kurukaruka kutoka chombo hadi chombo ni kujichosha bure. Si lazima ujue Kichina. Mchina wa leo asiyesomea mambo haya naye huyatazama maandishi haya kama wewe tu, akitambua moja hapa, moja pale.

Hatua ya 1: Jua unatazama kazi ya mikono mingapi

Shaba ya vyombo hivi ni bronzi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, mara nyingi na risasi kidogo. Mafundi wa enzi za Shang (mpaka mwaka 1046 KK hivi) na Zhou iliyofuata waliisubu katika kalibu za udongo zilizounganishwa vipande vipande. Herufi nyingi za zama hizo hazikuchongwa kwenye shaba. Ziliandaliwa kwenye udongo, kabla shaba haijayeyushwa.

Kwa hiyo fuata mlolongo. Mwandishi aliandika kwa brashi. Mchongaji akaufuata mwandiko ule kwenye udongo laini. Msubuji akamimina shaba yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Ili herufi itokee imezama kwenye chombo, kwenye kiini cha udongo (kipande cha kalibu kinachokaa ndani) ilipaswa kuinuka, tena iwe imegeuka kama inavyoonekana kwenye kioo. Namna walivyoweza kulifanya hilo kwa usafi ule bado wataalamu wanavutana. Alama moja waliyotuachia iko kwenye Da Ke ding, chungu kikubwa cha miguu mitatu kilichoko Makumbusho ya Shanghai: kina herufi 290, na katika nusu ya kwanza ya maandishi yake kuna mistari ya miraba iliyoinuka, kama daftari la hesabu. Hiyo ni miraba aliyojichorea fundi kwenye udongo ili safu zisiende upogo, ikabaki.

Baada ya hapo chombo kikalala ardhini karne nyingi, kutu ya kijani ikala ilipokula. Mkono wa mwisho ni wa mtu aliyetoa nakala ya wino, ambaye nitamrudia hivi punde.

Ninalisisitiza hili kwa sababu lina maana kwa mkono wako. Ukikaa kuiga, unamtafuta yule wa kwanza, mwenye brashi. Ncha za mistari zilizoviringika ni za udongo na moto. Mikwaruzo na mashimo ni ya ardhi. Usiyachanganye.

Hatua ya 2: Tafuta nakala ya wino, picha iwe msaada

Picha ya kawaida ya chombo hukuonyesha rangi na mng'ao, lakini herufi humezwa na vivuli. Wanaojifunza hutumia nakala ya wino. Karatasi nyembamba huloweshwa na kubandikwa juu ya maandishi, ikapigwapigwa kwa brashi mpaka ikazama ndani ya kila mfereji. Inapokaribia kukauka hudonolewa kwa kifurushi cha kitambaa chenye wino. Palipoinuka panakuwa peusi, palipozama panabaki peupe. Unapata herufi nyeupe juu ya usiku mweusi, kwa ukubwa wake halisi. Ikiwa maandishi yako kwenye ukuta wa ndani uliopinda, karatasi hukatwa mikato ili ilale vizuri, ndiyo maana baadhi ya nakala zina umbo la feni au nyufa za ajabu.

Kabla hujaichapisha nakala uliyoipata mtandaoni, hakikisha haijageuzwa. Mimi niliiga nakala moja kwa wiki nzima, kila usiku baada ya chakula, mpaka siku moja nikaona kwamba tarehe, ambayo hukaa mwanzo kabisa, iko mkono wa kushoto. Aliyeipakia alikuwa ameigeuza picha. Wiki nzima ya karatasi ikaenda kufungia maandazi.

Maandishi haya husomwa kutoka juu kwenda chini, safu ya kwanza ikiwa kulia kabisa, halafu unahamia kushoto. Kama ulipita chuo cha Kurani utotoni, jicho lako limeshazoea kuanzia kulia. Kilichobaki ni kulifundisha kushuka.

Hatua ya 3: Anza na unachoweza kukitambua

Usianze kuiga chochote. Weka nakala mbele yako, chukua penseli ya rangi, uwinde.

Juu kulia, herufi ya kwanza ni ndege. Ana kichwa, mgongo, na manyoya ya bawa yaliyopangwa kama meno ya kitana. Hapa haelezi ndege: ametumiwa kwa sauti yake, *wei*, neno la kufungulia maandishi, karibu na lile letu la "ilikuwa". Chini yake pana mstari mmoja wa wima uliovimba katikati kama nyoka aliyemeza yai: hiyo ni kumi. Halafu mkono wenye vidole vitatu, ambao hapa ni "na". Kisha mistari miwili ya kulala: mbili, na chini yake herufi ya mwaka. Umeshasoma: ilikuwa mwaka wa kumi na mbili. Shuka kidogo utaona mwezi mwandamo, na huo kweli ni mwezi. Tarehe hiyo huhesabiwa kuwa ya mwaka wa 12 wa mfalme Xuan wa Zhou, yaani 816 KK.

Sasa nenda mwisho, chini ya safu ya kushoto kabisa. Utakuta mtoto mwenye kichwa cha duara na mikono iliyoinuliwa, na pembeni yake vijistari viwili vidogo. Vijistari hivyo ni alama ya kurudia: soma mara mbili. Herufi inayofuata, mjukuu, nayo ina vyake. Kwa hiyo: watoto na watoto, wajukuu na wajukuu, miaka elfu kumi bila ukomo. Kauli ya namna hii utaikuta mwishoni mwa vyombo vingi sana vya Zhou, mara nyingi ikiwa na maneno "wakitunze na kukitumia milele". Ukishaijua kwenye kimoja, umejipatia mlango wa kuingilia vingine.

Katikati kuna vita. Zi Bai aliwapiga Xianyun, watu wa kaskazini, akakata vichwa 500 na kushika mateka 50. Mfalme akamfanyia karamu, akampa farasi, upinde na mishale, na shoka. Habari hii kwa sehemu kubwa imepangwa kwa vifungu vya herufi nne nne vyenye vina, kwa hiyo ni utenzi wa vita uliosubiwa sakafuni mwa beseni.

Sakafuni, narudia. Beseni likijazwa maji, maandishi yako chini ya maji. Kwenye vyungu huwa ndani, chini ya nyama. Kwenye bakuli za nafaka, chini ya nafaka. Hayakuwekwa nje kumvutia mpita njia. Vyombo hivi vilitumika katika ibada za wahenga, na wahenga ndio waliotarajiwa kuyasoma. Kuna gudulia la pombe, He zun, lililopatikana Baoji mwaka 1963, na hakuna aliyejua kwamba lina maandishi mpaka liliposafishwa kutu mwaka 1975. Chini kabisa, ndani, zikatokea herufi zaidi ya 110, na miongoni mwao mbili ambazo hakuna chombo cha zamani zaidi kinachojulikana kuwa nazo zikiwa pamoja: *zhong guo*, nchi ya kati, jina la China mpaka leo.

Hatua ya 4: Chagua herufi moja, uivunje

Mimi humpa kila anayeanza herufi ile ile: *bao*, yaani hazina, kitu cha thamani. Iko mwanzoni mwa beseni letu, pale Zi Bai anaposema ametengeneza "beseni la thamani".

Juu kuna paa la nyumba, lenye miteremko miwili. Chini ya paa kuna vitu vitatu. Kimoja ni jiwe la jedi, lililochorwa kama vipande vilivyotungwa kwenye uzi: mistari mitatu ya kulala na mmoja wa wima unaoipitia. Cha pili ni chungu cha udongo, ambacho kazi yake hapa ni kuashiria sauti. Cha tatu, chini, ni kauri. Simbi yuleyule mdogo unayemwokota ufukweni, mwenye mdomo mwembamba katikati. Mchoraji amempa mgongo uliopasuka, mistari miwili tumboni, na miguu miwili midogo chini.

Nyumba, jedi, chungu, kauri: hiyo ndiyo hazina ya mtu wa wakati ule. Kauri zilikuwa zawadi ya wafalme, zikihesabiwa kwa mitungo. Yule mwenye gudulia la He alipewa mitungo 30, na ndiyo iliyomfanya asubu chombo. (Kwamba neno hilo hutamkwa *bao* na ndani yake kuna kete ni sadfa tu, lakini sijapata kumfundisha mtu wa pwani asiyecheka.)

Sasa itazame kama umbo, achana na maana. Paa ni pana, limevifunika vyote. Jedi na chungu hubanana juu, kimoja kulia kimoja kushoto, na kauri hukaa chini ikiwa peke yake, ikibeba. Jiulize uzito uko wapi, na nafasi tupu kubwa kuliko zote iko wapi. Kisha tafuta *bao* kwenye nakala ya chombo kingine chochote. Jedi imehama upande. Paa limekuwa jembamba. Hakuna *bao* mbili zinazolingana, na hakuna aliyeona hilo kuwa kosa. Usanifishaji wa herufi moja umbo moja ulikuja baadaye, baada ya dola ya Qin kuiunganisha nchi mwaka 221 KK, na kwa jicho langu siku hiyo kuna kilichopotea.

Hatua ya 5: Vifaa

Hapa sitakawia. Brashi moja ya manyoya ya mbuzi, yenye ncha inayorudi ikiinuliwa. Wino mweusi wa Kichina wa chupa unatosha; jiwe la kusagia ni raha ya baadaye. Karatasi inayokunywa wino kidogo: ya magazeti isiyochapwa ni nzuri kwa mazoezi na ni rahisi. Karatasi ya fotokopi haifai, wino huelea juu na mstari unakuwa kama wa rangi ya mlango. Weka kitambaa kinene chini.

Hatua ya 6: Mstari mmoja, mara mia

Mwandiko huu umesimama juu ya aina moja ya mstari, na mstari huo hauna ncha wala mkia. Unene wake ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na miisho yake ni ya mviringo. Siri iko katika kuificha ncha ya brashi.

Shika brashi wima kabisa, si kama kalamu. Ukitaka kuchora mstari wa kulala kwenda kulia, gusa karatasi kisha sukuma kwanza kushoto, kidogo tu, kama punje ya mchele. Hapo hapo geuka uende kulia juu ya ulipotoka. Ncha sasa imo ndani ya mstari, katikati, na wino unamwagika sawa pande zote mbili. Nenda polepole. Ukifika mwisho, simama, rudi nyuma kidogo, inua. Ukiona upande mmoja wa mstari ni laini na mwingine una meno, ncha imelala ubavu. Isimamishe upya.

Ukiweza kulala na kusimama, ingia kwenye mviringo. Chukua yule mtoto, *zi*, aliyemo pia katika jina la Zi Bai. Kichwa chake hakizungushwi kwa pigo moja. Anza juu katikati, shuka kwa kushoto hadi chini, inua. Rudi juu ulipoanzia, shuka kwa kulia mpaka mapigo mawili yakutane chini bila mshono kuonekana. Halafu mikono ya mtoto: mstari mmoja uliopinda kama upinde uliolazwa, ncha zikitazama juu. Mwisho mwili, kutoka chini ya kichwa kushuka, ukiyumba kushoto kidogo. Mguu ni mmoja tu, maana mtoto amefungwa kwenye nguo zake.

Mshono wa kichwa utakusumbua. Ukionekana kama fundo, ulikuwa na wino mwingi uliporudi. Ukionekana kama ufa, pigo la pili lilianza mbali. Yangu yalichukua miezi kunyooka, na hata sasa brashi ikiwa mpya hunisaliti.

Hatua ya 7: Andika ukurasa, siyo herufi

Wengi hukwama hapa, kwa sababu wameshazoea kuandika herufi nzuri moja moja. Tazama beseni la Zi Bai kutoka hatua tatu. Herufi zimeachana zaidi kuliko kwenye vyombo vingi vya wakati wake, kila moja imezungukwa na uwazi wake kama mashua zilizotia nanga. Safu za wima zinafuatana vizuri. Lakini ukubwa wa herufi haulingani: yenye mistari mingi imepewa nafasi, ya mistari miwili haikuvutwa ijaze mraba.

Kunja karatasi yako kwa safu tu, usikunje miraba. Andika safu ya kwanza yote, ndege mpaka chini, bila kusimama kusahihisha. Ukiharibu herufi, iache, endelea. Ukisimama kila mara, safu itakuwa kama foleni ya watu wasiojuana.

Hatua ya 8: Ukilimaliza beseni, hamia kwenye chombo kinachopingana nalo

Baada ya herufi zote 111 mara kadhaa, mkono huzoea na kuanza kulala usingizi. Uamshe.

Da Yu ding, cha siku za mfalme Kang, kina herufi 291 na mkono tofauti kabisa: baadhi ya mistari huvimba ghafla ikawa minene, mingine huishia kwa ncha kali kama mwiba. Herufi ya mfalme ina mstari wa chini mpana uliopinda, makali ya shoka, kwani hivyo ndivyo ilivyochorwa tangu awali. Hapo utaujua mkono wa Zhou ya mwanzo uliorithi kwa Shang.

San shi pan, lililoko Taipei, ni mkataba wa mipaka ya mashamba, na limeandikwa kana kwamba mwandishi alikuwa anatembea kwenye mashamba yenyewe. Herufi ni bapa, zimeegama, nyingine kama zinataka kuanguka. Ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo ninalomkataza anayeanza, kwa sababu asiyeweza kusimama wima huegama ovyo.

Mao Gong ding, nalo la Taipei, ni chungu cha sentimita 53.8 tu kwenda juu, lakini ndani yake mna herufi karibu 500, nyingi kuliko chombo chochote kingine cha aina hii kinachojulikana. Hicho ni cha mwaka mzima.

Upanga wa Goujian, mfalme wa Yue, uliopatikana Hubei mwaka 1965, una herufi 8 zilizotiwa dhahabu, nazo zimerembwa kwa vichwa na mikia ya ndege mpaka maneno yamejificha. Uangalie, ufurahi, usiuige bado.

Na usiige kutu. Kuna mtindo, ambao Li Ruiqing (1867–1920) alijulikana nao, wa kutetemesha brashi ili mstari uonekane umeliwa na karne. Yeye alikuwa na mkono wa kuubeba. Kwa wengine hugeuka kuwa homa. Kabla yake Wu Dacheng (1835–1902) aliuzoea mwandiko huu hadi akawa anaandikia barua kwa marafiki, kwa mistari safi, tulivu, isiyo na kovu. Huyo ndiye wa kumfuata mwanzoni.

Ukurasa wako wa leo ubandike ukutani, na nakala ya beseni kando yake kwa ukubwa ule ule. Uache mpaka kesho asubuhi. Ukiamka, kabla ya chai, simama mlangoni na utazame vichwa vya watoto peke yake.